Beji Niliyoiita Kinga

Mashine mpya ya eksirei ilipofika hospitali yetu, katika nchi kavu ya pamba kati ya Maganzo na Kishapu, nilikuwa kijana wa kidato cha nne niliyefundishwa kwa miezi michache namna ya kuiendesha. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wagonjwa wengi walikuwa wachimbaji wa almasi wenye kikohozi, na watoto. Watoto hawatulii, kwa hiyo mhudumu wetu, mama wa watoto wanne, ndiye aliyewashika wakati mimi napiga picha nyuma ya ukuta. Yeye alipewa aproni yenye madini ya risasi ya kuzuia mionzi, nzito kama gunia lililolowa.

Pamoja na mashine zilikuja beji mbili ndogo zenye filamu ndani. Beji ile haizuii kitu. Inapima tu mionzi iliyompata mvaaji, kisha inapelekwa Dar es Salaam kusomwa. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, nikaagizwa kuyatafsiri. Nilikosa neno zuri, nikabandika mlangoni karatasi yenye herufi kubwa: VAA KINGA HII KIFUANI KILA SIKU. Mganga mkuu alinisifu mbele ya wauguzi wote.

Mhudumu alipoibandika yake alicheka. "Wabeja kwa beji!" akasema, akinishukuru kwa Kisukuma, na utani huo ukazunguka wodi nzima.

Oktoba joto lilizidi, naye alikuwa na mimba ya tano. Asubuhi moja nilikuta aproni imetundikwa msumarini.

"Mama, aproni vipi?"

"Mdogo wangu, kinga si hii hapa? Huo mzigo kavae wewe unayejificha ukutani kama kuku anayetaga."

Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Nilijua palepale alichokuwa amekielewa, na nilijua kilitoka kwenye karatasi yangu. Kumsahihisha kungekuwa kuibandua mbele ya watu karatasi iliyosifiwa. Nikaita mgonjwa anayefuata. Kesho yake pia nilinyamaza, na wiki zilizofuata.

Majibu yaliporudi, beji yangu ilikuwa safi, yake imepokea mionzi kupita kiasi. Mganga alituita ofisini.

"Ulikuwa unavaa kinga?" akamuuliza.

"Kila siku, Daktari. Sikuivua hata mara moja."

Mganga, kwa kinga akimaanisha aproni, akanigeukia. "Ni kweli?"

"Aproni alikuwa anaivua," nilisema.

Yule mama alinitazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni. Ya karatasi yangu sikuyataja. Aliandikiwa barua ya onyo kwa kusema uongo, akahamishiwa kufua mashuka. Mlangoni alinishika mkono. "Waniadhibu, sawa. Na huyu tumboni je?" Mganga alisema itabidi kusubiri azaliwe.

Miezi iliyobaki nilimwona uani akianika mashuka, mkono mmoja tumboni, hatanii tena na mtu. Alijifungua mtoto wa kike, mzima. Nilikwenda nyumbani kwake na sukari kilo mbili. Nikamkuta anamkagua mtoto vidole, kimoja kimoja, kama alivyofanya kila asubuhi. Nikamweleza yote: neno, karatasi, na ile siku ya kicheko.

Alimfunika mtoto. "Ungeniambia kwamba ile si kinga," akasema, "ningevaa hata aproni mbili. Sasa nenda kamwambie Daktari, si mimi."

Niliitikia. Karatasi niliibandua, nikaandika nyingine: beji inapima, aproni ndiyo inayokinga. Lakini kwa mganga sikwenda. Nilisubiri wiki ipite, kisha mwezi, mpaka mganga akahamishwa, nami, aibu yangu, nikaona nafuu. Barua ya onyo ilibaki kwenye faili la yule mama. Kwenye chumba cha eksirei hakurudishwa. Alifua mashuka mpaka alipostaafu, na kila tulipopishana uani alinijibu salamu kwa heshima, bila kunitazama.