Kucha Iliyobaki Kichwani

Kazi yangu ni kubandika watu kucha hapa Kitengela. Mwenye kucha fupi mimi humkataza bandia ndefu, maana hazina pa kushika. Zangu ni fupi kuliko za wateja wote, lakini siku ya kwenda kwa kina Lemayian, mchumba wangu, kule Kajiado, nilijibandika ndefu kabisa.

Watoto wa pale husalimia kwa kuinamisha kichwa ili mkubwa awaguse utosini. Nikawagusa mmoja mmoja, kwa maringo. Kasichana ka mwisho hakakuondoka.

"Auntie, umeniachia kitu kwa nywele."

Mama yake Lemayian akaichomoa kucha, akatazama kidole changu, akaweka chake kando ya changu. Kucha zetu zilikuwa fupi sawasawa.

"Toa na hizo zingine," akaniambia, "tukule."