Injini ya Mzee Ambroise

Déogratias alipoitupa culasse ya kwanza, kichwa cha chuma cha injini, kwenye vumbi la uwanja wa dada yake, kuku walitawanyika. Alipoitupa ya pili, majirani wa mtaa wa Kikula, mjini Likasi, walitoka kuja kuangalia.

"Ba kilo wakamate hii!" alifoka, akiwataja wale wanaonunua chuma chakavu kwa kilo. "Chuma ya kizee. Sitaki kuiona tena mu motokari yangu."

Fidélie hakuinua macho. Alikuwa fundi wa magari, mwanamke wa miaka arobaini na minane, na kazi hiyo alifundishwa na baba yao, marehemu Mzee Ambroise. Yeye na Déogratias walikuwa wa baba mmoja, mama mbalimbali, na tangu utoto hawakuwahi kula sahani moja bila mmoja wao kuondoka amenuna. Mzee alipofariki, Déogratias alirudi kutoka Kolwezi, akachukua makaratasi ya nyumba na ya Chevrolet ya mwaka sitini na sita. Fidélie aliachiwa sanduku la vyombo.

Sasa Jaël, binti wa Déogratias, alikuwa anaolewa, na baba yake alitaka Chevrolet ya babu imbebe. Injini ilikuwa imechoka. Nundu mbili za arbre à cames, ule mtaimbo unaozunguka na kufungua valvu, zilikuwa zimelika. Culasse, vile vichwa vya chuma vinavyofunika mitungi minane ya injini, zilihitaji kukwanguliwa na kuwekewa viti vipya vya valvu. Fidélie aliomba wiki tatu. Badala yake kaka yake akaagiza Afrika ya Kusini culasse mpya za alumini na arbre à cames ya magari ya mashindano.

Fidélie alizipokea, akazipima. Aliweka kipande cha kioo juu ya shimo la culasse, akachukua bomba la sindano, akajaza mafuta ya taa tone kwa tone akihesabu. Ya zamani ilimeza sentimita za ujazo sabini. Mpya ilimeza hamsini na nane tu.

"Yaya, sikia," alimwambia kaka yake mkubwa, akijikaza asipandishe sauti. "Shimo hii ni ndogo sana. Moteur itakamua hewa kupita kipimo. Na essence yetu ya Likasi, petroli ya kizaifu, unaijua. Itawaka mbele ya wakati, itagonga mpaka pistoni zitoboke."

"Na ile ingine?"

"Arbre à cames hii ni ya kukimbia. Inaacha valvu wazi muda murefu. Kwa mwendo wa arusi, polepole, moteur itakohoa, haitakuwa na mvuto wa hewa. Na mvuto huo njo unasaidia frein, ile breki. Utakanyaga, utasikia jiwe."

Déogratias alicheka, akageukia majirani waliokuwa ukutani. "Munasikia? Mwanamuke anafundisha watu moteur! Minye nataka ingurume mpaka Kambove wasikie. Weye funga tu."

"Sifungi."

"Unasema nini?"

"Nasema sifungi. Siui mutoto wa watu mu arusi yake."

Ndipo Déogratias alipozitupa zile culasse za zamani. Alasiri hiyo hiyo alileta kamba, akaivuta Chevrolet mpaka kwa Bertin, fundi mwenye gereji upande wa pili wa soko. Fidélie alimfuata Bertin peke yake, akamweleza vilevile. Bertin alisikiliza, akakuna kidevu. "Mama, mwenye gari ameamua," alisema. "Minye ni nani?"

Siku ya arusi, Fidélie hakualikwa. Aliisikia Chevrolet kabla ya kuiona: ilikuwa inanguruma kweli, lakini kwa kukatakata, kama mgonjwa anayetafuta pumzi. Msafara ulitoka kanisani ukashuka mteremko, Déogratias mwenyewe usukani, maharusi nyuma. Katikati ya mteremko injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Déogratias alikanyaga breki mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa miguu yote miwili. Gari halikusimama. Lilivuka mtaro likagonga ukuta wa matofali. Jaël, ndani ya gauni lake jeupe, alivunjika mkono.

Jioni haijafika, Déogratias alikuwa mlangoni kwa dada yake, shati lina damu ya mwanawe.

"Mulozi!" alipiga kelele. "Ni weye ulitupia motokari mukosi! Ulisema itakataa frein, na imekataa. Ulijuaje kama si ulozi?"

Watu walijaa. Wengine walikuwa wameshika mawe. Fidélie alisimama kizingitini, hakurudi nyuma.

"Nilijua kwa sababu nilipima," alisema. "Muite Bertin. Afungue moteur hapa, mbele yenu wote."

Kesho yake watu walirudi na mawe yao, gari likavutwa hadi uwanjani pake, na Bertin akaifungua injini. Vichwa vya pistoni vilikuwa vimeliwa vidoa vidoa, na kimoja kilikuwa na ufa. Mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya reli aliinama, akatazama, akaguna.

"Hii moteur iligonga, ikazima, frein ikakosa mvuto," alisema. "Ulozi uko wapi hapa?"

"Mama Fidélie aliniambia yote," Bertin akakiri, macho chini. "Na minye nilimwambia papa Déo. Alisema nifunge."

Mawe yalidondoshwa moja baada ya jingine. Déogratias aliondoka.

Wiki mbili zilipita. Bertin alikataa kuligusa tena lile gari, na Jaël, mkono ukiwa kwenye plasta, alimlilia baba yake asiuze gari la babu kama chuma chakavu. Ndipo Jumapili moja, misa ilipokwisha, Déogratias alikuja kwa dada yake.

"Tengeneza," alisema.

"Ile neno ulisema mbele ya watu, urudishe mbele ya watu."

Fidélie aliita majirani kwa majina yao, mmoja mmoja, mpaka ukuta ukajaa.

"Nilikosea," Déogratias alisema, akitazama viatu vyake.

"Ulikosea nini?"

"Fidélie si mulozi." Kisha akainua uso, na macho yake yalikuwa yamejaa chuki. "Lakini usizani tumekuwa marafiki."

"Sikuomba urafiki," Fidélie alimjibu. "Acha ufunguo."

Alizikwangua culasse za baba yake, akazisafisha, akazitia viti vipya, na pistoni akabadilisha. Kwa arbre à cames alizunguka wauza chuma hadi mtaa wa Panda, akapata ya lori la mizigo lenye injini ya ukoo uleule. Nundu zake zilikuwa fupi: lori halikimbii, linavuta. Alizipima zote kumi na sita kwa mikromita kabla ya kukubali kuichukua.

Injini ilipowaka, ilizunguka taratibu, sawasawa. Alikanyaga breki, pedali ikashuka laini. Alimpeleka Jaël na mumewe kuzunguka mji, wakapanda na kushuka ule mteremko mara mbili, na Jaël alicheka mpaka akalia.

Déogratias alikuja kulichukua gari asubuhi iliyofuata. Alilizunguka, akalisikiliza, akaingia. Hakusema asante, wala Fidélie hakumuaga.