Effie Garrioch na Mtoto Aliyefutwa Kinnaverty

Saa nne asubuhi, manyunyu ya Aberdeenshire, Uskoti, hayana dalili ya kukatika, na Effie Garrioch amepiga magoti makaburini akisugua kuvu kwenye jiwe kwa brashi laini. Maandishi yanajitokeza polepole: Hew Kinnaverty, mtoto wa pili wa mwenye jumba, alikufa 1794. Hakuacha mtoto.

“Waongo wakubwa!” anasema Effie, kisha anamimina chai.

Effie, 63, aligawa barua vijijini humu kwa miaka ishirini na sita. “Nilijua nani anaishi wapi. Sasa najua nani alizaa na nani,” anasema. Siku hizi anafuatilia nasaba za familia za kikabaila, kwa pauni 25 kwa saa. Mwezi mbaya, anakiri, ni viazi mpaka avichoke.

Mwaka jana Hector Kinnaverty, mrithi wa jumba, alimpa kazi ya kuchora ukoo wake. Mchoro utundikwe ukumbini mwezi Agosti, ukoo ukitimiza miaka mia nne hapo.

Effie akaingia kwenye daftari la wazee wa kanisa. Mwaka 1791 akamkuta Elspet Rannie, mtumishi wa jikoni, amekalishwa peke yake mbele ya waumini Jumapili tatu kwa kuzaa nje ya ndoa. Wazee walimbana ataje baba. Karani aliandika jibu lake: “Mwiteni mtoto, mtasikia.”

Mtoto aliitwa Ludovick.

Huku mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na parokia nzima ilikuwa na Ludovick mmoja tu: mwenye jumba, baba wa Hew. Kaka yake Hew alikuwa vitani ng’ambo tangu miaka miwili nyuma, kwa hiyo akabaki Hew. Vipimo vya vinasaba, vya mate ya mmoja wa kizazi cha Elspet na ya binamu wa Hector, vimekubaliana.

Hector alipopelekewa habari, alipiga simu.

“Bi Garrioch, ni jina moja tu. Liache.”

“Huyu mama alishakalishwa peke yake Jumapili tatu, bwana mkubwa. Safari hii atakaa na familia.”

“Basi nitatafuta mtu mwingine.”

“Mtafute. Daftari ni lilelile.”

Kazi ikaota mbawa. Familia mbili nyingine zilizomwahidi kazi nazo zikanyamaza, na Effie hafichi kwamba iliuma.

“Si ungefumba macho, mama wee?” anamtania Dod, mtunza makaburi, akiegemea reki yake. “Ungekuwa unakula nyama sasa hivi.”

“Nifumbe macho halafu nisome kwa nini, Dod? Kwa pua?”

Mchoro ameumaliza hivyohivyo, bila malipo, na Elspet yumo kwa wino uleule wa mabwana. Agosti jumba litafunguliwa kwa kila mtu. Effie ameandika barua kwa watu arobaini na mmoja wa uzao wa Elspet, wakiwemo fundi bomba, mkaanga samaki na mwalimu mstaafu. Wote wamejibu kwamba watakuja.

“Sitatoa hotuba,” anasema, akikung’uta matope magotini. “Nitasimama katikati ya ukumbi niite mara moja tu: Ludovick! Watageuka watano. Hapo Hector aniambie Hew hakuacha mtoto.”