Uwanja wa Mlango Mmoja

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, mvua ilipoinyeshea Garissa na watu wa Garissa wakakataa kuikimbia. Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, mwanzo kabisa wa mvua zile ambazo baadaye redio ingetufundisha kuziita El Nino. Siku hiyo hatukuwa na jina lake. Tulikuwa na joto, vumbi na mpira.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia wamekuchagua usimamie watazamaji kwenye mashindano ya mwaka huu. Hongera. Lakini kabla hujavaa fulana ya usimamizi, kaa kidogo usikie jinsi mimi nilivyoivaa yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kichwa kilichojaa upepo. Kamati ilinikabidhi watazamaji wote, nami nikajiona waziri. Tulifanya vikao vitatu. Tukapanga habari ya jua: turubai la wazee, mapipa ya maji ya kunywa. Tukapanga habari ya vumbi: vijana wa kunyunyiza maji uwanjani asubuhi. Mvua haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Nani Garissa hupanga mvua? Kwetu mvua huombwa, mwanangu, haipangiwi. Inapokuja, mtu hutoka nje ya nyumba kuipokea kama anavyompokea mjomba aliyetoka safari ndefu.

Basi nikaujenga ua. Uwanja wetu ulikuwa wazi pande zote, na wasio na tiketi walikuwa wakiingia kama upepo. Nilikata matawi ya mgunga, yenye miiba mirefu kama vidole, nikayapanga kuuzunguka uwanja mzima vile tunavyozungushia zizi. Nilitumia hangool, ile fimbo yetu yenye ndoano upande mmoja na panda upande wa pili, ya kuvutia na kusukumia miiba bila kuchomwa. Nikaacha mlango mmoja tu, wa mabati, unaofunguka kwa ndani. Katikati ya upande mmoja nikasimamisha nguzo ya chuma, na juu yake nikafunga kipaza sauti kilichofanana na ua kubwa la boga. Nilikipenda kipaza sauti kile kuliko chakula. Watu waliingia wakitazama ua wangu na kusema, "Hassan, hapa hata kunguru atalipa."

Nikavimba. Mtoto akililia wembe, mpe. Kijana akililia sifa, zitamkata vilevile.

Tulicheza na vijana wa Habaswein, waliofika juu ya lori la mbuzi wakiimba kana kwamba kombe lilikuwa lao tayari. Kipindi cha pili tukawafunga goli moja. Zilikuwa zimebaki kama dakika ishirini pale upepo ulipobadilika, ukaleta harufu ya udongo uliolowa mahali fulani mbali. Uwanja mzima ukageukia upande huo. Wachezaji wenyewe wakageuza shingo. Upande wa mto, anga lilikuwa jeusi kama sufuria ya chai.

Matone ya kwanza yalipoanguka, hakuna aliyekimbia. Wazee walivua kofia. Wanawake waliinua mikono wakisema, "Alhamdulillah." Watoto walifungua midomo. Ulikuwa umepita muda mrefu wa kiangazi, na mtu mzima alilia mbele yangu bila haya, machozi yake yakichanganyika na mvua hata yeye mwenyewe asijue kipi ni kipi.

Refa wetu alikuwa mwalimu Mutua, mtu wa Ukambani aliyefundisha shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Alisimamisha mpira akanijia mbio.

"Hassan, umeona ile radi? Tuwatoe watu?"

Hapa, mwanangu, ndipo kosa langu lilipo. Kanuni ya kamati ilisema mechi ikikatizwa itarudiwa upya, na magoli yake yanakufa. Goli letu moja! Nililiona likikata roho mikononi mwangu. Kwa hiyo nikamjibu kama mcha Mungu mkubwa: "Mwalimu, hapa kwetu mvua haikimbiwi. Hiyo ni baraka. Endelea."

Nilimtaja Mungu, lakini niliyekuwa namfikiria ni mshambuliaji wetu.

Mutua alinitazama, akarudi kuchezesha. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu nilikuwa nayo mengi, lakini anayetazama ubao wa magoli hatazami juu. Dakika tano baadaye radi ikapiga karibu sana hivi kwamba mwanga na mlio vilikuja pamoja. Mutua hakuniuliza tena. Alipuliza filimbi mara tatu, akaamuru wachezaji watoke.

Nami niliyekuwa jasiri mno, sasa nikawa mwoga mno. Nilidaka maikrofoni nikapiga kelele: "Hatari! Radi inaua! Kila mtu atoke! Kimbieni!"

Wakakimbia, tena wote, kuelekea mlango mmoja. Waliofika kwanza wakataka kuuvuta mlango, lakini ulifunguka kwa ndani, na waliokuwa nyuma walikwisha kuwabana kwenye mabati. Kadiri walivyosukuma, ndivyo mlango ulivyozidi kufungika. Nikasikia watoto wakilia. Katikati ya msongamano ule nikaona mtandio wa manjano ninaoujua: dada yangu Nasra, amembeba mgongoni mtoto wa kaka yetu, uso umegandamizwa begani kwa mtu. Kulia miiba, kushoto miiba. Miiba yangu.

Nikazidi kupiga kelele. "Rudini nyuma! Rudini!" Hakuna aliyerudi.

Mkono mkavu ukanishika ukosi ukanivuta kama mbuzi. Alikuwa Ayeyo Dahabo, bibi aliyeuza maziwa ya ngamia kando ya uwanja, mzaliwa wa malishoni huko Kutulo. Sote tulimwita Ayeyo, nyanya, ingawa alikuwa nyanya wa watu wachache tu.

"Zima hicho kilio," alisema kwa Kisomali.

"Ayeyo, watakufa!"

"Mbuzi wakitishwa zizini huuawa na nini? Simba au wenzao?"

"Wenzao."

"Basi kwa nini wewe unanguruma?"

Nilitupa maikrofoni.

"Ua huu nani ameujenga?"

"Mimi."

"Umeujenga vizuri, mpumbavu wewe. Sasa ubomoe. Upande huu wa shule. Na usianze na wale walio mlangoni, hao hawawezi hata kugeuza kichwa. Anza na wa nyuma. Zizi hupunguzwa kutoka nyuma."

Mwanangu, mambo haya niliyajua! Nimechunga mbuzi tangu nikiwa na miaka sita. Nimeona baba yangu akifungua zizi kwa upande wa pili chui alipokuja. Lakini nilipovaa fulana ya usimamizi nilidhani watu wa mpira ni kitu kingine, na elimu ya nyumbani nikaiacha nyumbani. Mwacha mila ni mtumwa. Mimi nilikuwa mtumwa wa kipaza sauti.

Nilichukua hangool yangu nikaikita ndoano kwenye tawi la chini, lile la mwisho kuwekwa, ambalo ndilo hushika mengine. Likakataa. Mara nikaona mikono miwili mitupu ikishika miiba ile kando yangu. Alikuwa golikipa wa Habaswein, kijana mrefu, damu ikimchuruzika hadi viwikoni.

"Vuta, wewe!" alinifokea. "Au bado unalinda goli lenu?"

Tukavuta. Tawi likatoka na jingine likafuata, mpaka pengo likawa na upana wa lori. Ayeyo hakungoja. Alimwita mwalimu Mutua kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mwalimu, wewe bitia huku, shika watoto. Bolebole! Usikimbia!" Kisha akawaendea waliokuwa nyuma kabisa ya msongamano, akawagusa mabega mmoja mmoja, akiwaambia kwa sauti ya mtu anayekukaribisha chai, "Njoo, mwanangu, njia iko huku. Tembea." Yeye mwenyewe akatangulia, dumu la maziwa kichwani, mgongo umenyooka kama anaenda harusini.

Wa kwanza walimfuata. Wa pili waliona wa kwanza wanatembea, wakatembea. Mbio huambukiza, mwanangu, lakini na utulivu nao huambukiza. Tofauti yake ni kwamba utulivu unahitaji mtu wa kuanza. Nami nikaiga. Niligusa mabega. Nilisema polepole. Umati ukaanza kulegea kutoka nyuma, kama fundo lililopata mkono wenye subira. Hatimaye wa mlangoni wakapata nafasi ya kuvuta pumzi, kisha nafasi ya kugeuka.

Nasra alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Mtandio umechanika, kiatu kimoja hakipo. Mtoto mgongoni alikuwa macho, anacheka mvua. Dada yangu alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Ua mzuri, Hassan," akasema, akapita.

Tulikuwa tumeshaingia ndani ya madarasa ya shule, watu wa Garissa na wa Habaswein wamebanana kwenye madawati ya watoto, radi ilipoipiga ile nguzo ya chuma. Tuliiona kupitia dirishani. Kipaza sauti changu kilitoa mlio mmoja mfupi na kunyamaza milele. Pale chini ya nguzo ndipo nilipokuwa nimesimama na maikrofoni mkononi. Kisha mzee mmoja kwenye dawati la nyuma akasema, "Mungu ni mwingi wa rehema. Kimekwisha kutupigia kelele." Watu wakacheka, kwanza kwa woga, halafu kwa raha, mpaka mabati ya paa yakashindwa kutofautisha kicheko na mvua.

Nilikwenda pembeni nikalia. Ayeyo alinikuta huko, akanipa kikombe cha maziwa. Nikamwambia, "Ayeyo, nilisema mvua ni baraka."

"Ni baraka. Nani kakukatalia?" Alikaa kando yangu akikamua shuka lake. "Lakini baraka huwekewa chombo. Mvua ikija huna hata kibuyu, yote hupotea mchangani, na wewe unaachwa na matope. Wewe ulitengeneza chombo cha kuwaingiza watu. Cha kuwatoa kiko wapi?"

Alinifinya sikio, kwa nguvu kiasi, akaenda kuwagawia watoto maziwa yaliyobaki.

Mvua ilipopungua vijana walitaka kurudi uwanjani. Ayeyo aliweka mguu mlangoni. "Radi ina mkia," alisema. "Kichwa kimepita, mkia bado." Na kweli ikanguruma tena. Mwalimu Mutua akatoa saa yake, akasema hakuna anayetoka mpaka nusu saa nzima ipite bila ngurumo. Kila iliponguruma alianza kuhesabu upya, huku mashabiki wakimzomea kama amekataa penalti.

"Refa, goli letu je?" aliuliza mmoja wetu.

"Goli lenu limekwenda na maji," akadakia yule golikipa, mikono yake imefungwa vitambaa. "Litafuteni mto Tana!"

Tulipotoka, uwanja ulikuwa ziwa, na korongo wawili walikuwa wamekwisha kuhamia. Mvua haikuacha. Barabara ya Habaswein ikakatika, na wageni wetu hawakuweza kuondoka. Tukawagawana nyumba kwa nyumba. Walikula chakula chetu siku nyingi, wakalala kwenye mikeka yetu, wakatuzoea. Golikipa alifikia kwetu, na mikono yake Nasra ndiye aliyeiosha kwa maji ya chumvi. Kilichofuata muulize Nasra mwenyewe. Uwanja ulipokauka, mechi ikarudiwa. Wakatufunga matatu kwa moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Sisi tulipona kila kitu ila kombe.

Kabla ya marudio hayo nilisimama mbele ya kamati nikaeleza yote, pamoja na lile goli nililolificha nyuma ya jina la Mungu. Nilidhani watanifukuza. Walinipa hangool. Nikafungua milango minne, yote ikifunguka kwa nje, na kila mlango nikauwekea mtu mzima mpole, asiyependa makelele.

Sasa sikiliza ninalokuachia. Siku ya mechi, usiwahesabu wanaoingia kabla hujajua watatokea wapi na watajificha wapi. Tembea wewe mwenyewe kutoka kiti cha mwisho hadi kwenye ukuta ulio imara, uone ni hatua ngapi kwa mguu wa bibi kizee, wala si kwa mguu wako. Anga likigeuka, simamisha mchezo mapema, wakati watu bado wana nafasi ya kukulaumu, maana lawama ya mapema ni nyepesi kuliko rambirambi. Sema ukweli, useme kwa sauti ya chini, na uwe wa kwanza kutembea. Usiwarudishe kwa pupa eti jua limechungulia. Na moyo wako ukiona faida katika kuchelewa, ujue hapo huna haki ya kuamua peke yako. Mwite asiye na timu, umsikilize.

Watu wakija kutazama mpira, mwanangu, kila mmoja ameaga nyumbani kwake kwamba atarudi. Kazi yako ni kuilinda ahadi hiyo. Goli hurudiwa.

Nenda basi. Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuona wingu likiwa bado dogo, akupe sikio la kuvumilia kufinywa, na akuweke kati ya watu wanaokuambia kweli ungali na muda wa kuifuata. Kila uliyempokea, ampitishe salama. Amina.