Jaketi la Bodaboda Alilompa Bibi Limemweka Binti Yangu Hatarini

Admin, nifiche tafadhali. Watu wa kwetu wako humu na wakinitambua nimekwisha.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, mjane, naishi upande wa Kisian. Nauza omena, wale dagaa wa ziwani. Shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo mnivumilie nikiandika vibaya. Mungu alinipa binti mmoja, nitamwita Achieng ingawa si jina lake. Yuko mwaka wa tatu chuoni, anasomea digrii ya ustawi wa jamii, ile kazi ya kuangalia wazee na watoto wasio na mtu. Siku alipoitwa chuo niliimba kanisani mpaka sauti ikakauka. Sikujua ni kazi ya kuogopesha hivi.

Mwaka huu walipelekwa nje kujifunza kazi, yeye akapangiwa vijiji vya karibu na Luanda Kotieno. Huko kuna bibi mmoja anaishi peke yake, mtoto wake yuko Nairobi na simu hashiki. Usiku bibi huyu hutoka akazunguka, anagonga milango ya watu. Nyinyi wa huku mnajua mtu kama huyo anaitwa nani. Jajuok, mchawi anayekimbia usiku akitisha watu. Mimi nikiwa mtoto nimesikia mchanga ukirushwa kwa mabati yetu, mama akatuziba midomo. Kwa hivyo msiniambie hayo mambo hayako.

Lakini Achieng, anayemwita bibi huyo dani, yaani nyanya, akaniambia, "Mama, yule dani ni mgonjwa. Ni ugonjwa wa kusahau. Akiamka hajui hiyo ni nyumba yake, anatafuta kwao alikozaliwa."

Nikamuuliza, "Na kugonga kwa watu nako ni ugonjwa?"

"Ndiyo. Anadhani mama yake atafungua."



Sasa ile barabara ya kwenda kwa feri ina pikipiki nyingi na bibi anapita katikati tu. Achieng akaogopa atagongwa. Akaomba jaketi kuukuu la mtu wa bodaboda, lile la mistari inayong'aa ikipigwa na taa, akamvalisha bibi na kulishonea mbele asilivue. Akanitumia picha, bibi anacheka bila meno, na mimi nikacheka. Mtoto wangu amekulia shule za bweni, hajui tuliyoambiwa sisi: kwamba jajuok hutembea na moto. Mimi nilijua, na hata hivyo halikunijia akilini.

Wiki iliyopita nilienda Luanda Kotieno kuchukua omena. Wamama wanaanika, wanaongea, hawajui mimi ni mama ya nani.

"Siku hizi anawaka kifua chote!" mmoja akasema. "Mume wangu amemwona kwa macho yake, akaacha pikipiki hapo barabarani akakimbia."

"Si amepata mwanafunzi," mwenzake akajibu. "Kale kasichana ka chuo. Kanamwogesha, kanakula naye sahani moja. Huo moto nani amemletea?"

"Ala! Kumbe siku hizi huo ujuok una digrii?"

Wakacheka mpaka wakashikana. Kisha yule ninayenunua kwake akainama karibu yangu. "Mama Kisian, usilale huku ukichelewa. Vijana wamesema wakimkuta nje tena wanachoma nyumba na yeye ndani. Na hako ka chuo kakiwa hapo, shauri yake."

Beseni lilinitoka mkononi, omena yote mchangani. Nikasema ni jua. Sikusema huyo ni mtoto wangu.

Nikauliza njia nikaenda kwa huyo bibi nimwone mwenyewe. Nilimkuta ameketi mlangoni na lile jaketi, mchana kweupe. Alinishika mkono, mkono wake ni mwepesi kama wa mtoto. Akaniuliza, "Mama, umekuja kunipeleka nyumbani?" Nilijitoa nikaondoka mbio. Mpaka leo sijui nilikuwa nakimbia nini.

Nilipompigia Achieng nikilia, nilidhani ataacha. Akasema, "Chifu nimemwambia, ati watu wapoe kwanza. Mkubwa wangu wa kazi anasema tungoje nafasi kwa nyumba ya wazee. Mama, watapoa lini? Jumamosi namleta bibi kwetu. Wiki chache tu."

"Nyathina, mtoto wangu, unataka watufuate mpaka Kisian?"

"Basi nitahamia kwake. Siwezi kumwacha peke yake na mimi ndiye nilimvalisha hilo jaketi."

Na ninamjua mtoto wangu, atafanya. Mwalimu wake wa chuo hajui mpango huu, na wanakatazwa kupeleka wagonjwa nyumbani kwao. Nikimwambia mwalimu, Achieng anaweza kufukuzwa na bibi anabaki huko na wale vijana. Nikinyamaza, jirani zangu watajua ndani ya siku mbili nani analala kwangu, maana bibi atatoka usiku na atagonga milango yao vilevile. Na nikikataa, binti yangu atakuwa ndani ya ile nyumba siku watakayokuja na petroli. Mimi pia naogopa huyo bibi, nisiwadanganye. Naogopa kula naye. Mtoto akinieleza ugonjwa naelewa, lakini giza likiingia ninayosikia ni ule mchanga kwa mabati.

Ndugu zangu, hasa nyinyi wamama na nyinyi mlio na kazi kama hii ya Achieng, mngekuwa mimi mngefanyaje? Msinitukane, niambieni tu. Kesho ni Jumamosi. Kitanda nimetandika, kile cha karibu na dirisha. Na kufuli mpya ya geti nimenunua pia. Sijui nikiifunga nitakuwa namfungia nani nje.