Jina Aliloitikia Baba Yangu

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nipitapo mbele ya ubao wa mashujaa wetu pale Murusagamba. Uliniuliza kwa nini mstari wa nne umefutwa na kuandikwa upya kwa rangi, nami nikajifanya sikusikia. Uzee una faida hiyo moja: ukitaka kuwa kiziwi, hakuna anayekushangaa. Leo nitakujibu, ila usitegemee kunipenda zaidi nikimaliza.

Nestori alikuwa rafiki yangu. Yeye na mama yake, mama Koleta, walivuka mto Ruvubu wakikimbia mauaji kwao Burundi. Baba yake, Sabushimike, hakufika. Baba yangu, mzee Kagoma, aliwapa kipande cha shamba kando ya migomba yetu, na Nestori akakua akila kwetu kama kwao. Vita ya Kagera ilipoanza na vijana tukaitwa, nilikwenda kujiandikisha naye akanifuata. Tulijua mkimbizi hatapokelewa. Basi mbele ya meza ya afisa nikasema bila kupepesa macho, "Huyu ni mdogo wangu, Nestori Kagoma." Jioni tulimweleza baba. Akasema, "Haya, mkiulizwa, ni mwanangu." Tulicheka sana siku ile, wajinga sisi.

Tuliondoka wawili, nikarudi peke yangu. Nestori alipigwa risasi tukivuka bonde la matope, mbali na nyumbani, hatua chache tu mbele yangu. Jeshi lilimzika hukohuko kwa jina la baba yangu.

Baadaye sisi tuliorudi, wa Murusagamba, Kanazi na Kirushya, tukaunda chama. Usidhani ni chama cha kuvaa medali na kupigiana hadithi, ingawa hadithi hazikosekani. Tulijenga daraja la magogo, tukabeba wagonjwa kwa machela barabara ilipokuwa haipitiki, na mjane asiye na mtu akifa, kaburi lake tulichimba sisi. Na kila mwaka siku ya mashujaa tunajipanga mbele ya ubao, magoti yakilalamika, mwenyekiti wetu Koplo Zakaria wa Kanazi anapuliza filimbi na kuita majina. Jina likiitwa, mtu wa nyumba ya marehemu anasimama na kuitika, "Yupo!"

Mimi ndiye niliyekuwa katibu, kijana wa miaka ishirini na mitano mwenye mwandiko wa kujivunia. Orodha ya kwanza niliiandika kama jeshi lilivyoandika. Koplo Zakaria akaita, "Nestori Kagoma!" Kule nyuma walikoketi wanawake, mama Koleta alikuwa ameshaanza kunyanyuka aliposikia "Nestori." Akasikia na lile jina la pili. Baba yangu akageuka, akamwona, na kwa kuwa watu wote walikuwa wakimsubiri yeye aitike, akaitika, "Yupo," kwa sauti ya mtu anayeumwa. Mama Koleta akaketi tena.

Baba alitangulia njiani mpaka kwenye migomba yetu. Hapo akasimama.

"Jina langu nilimwazima yule mtoto ili avae vitani," akaniambia. "Sasa amelala. Cha kuazima hurudishwa. Mwakani andika jina la baba yake, mama yake aitike."

"Ndiyo, baba," nikajibu. Ndiyo yangu ile haikuwa na mizizi.

Kesho yake asubuhi mama Koleta alikuja uani kwetu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana wanje," yaani mwanangu kwa lugha yao. Hakutaka hata kuketi. "Sikuja kuomba kitu. Nataka jina rake tu. Ritajwe, niitike mara moja, inatosha."

Sikiliza nilichomjibu, mwanangu, maana hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Nilimwambia, "Mama, ukisema ukweli huo wataona tulidanganya jeshi. Wewe watakurudisha ng'ambo." Hakuna aliyekuwa ametaja kumrudisha. Nililitunga neno hilo palepale. Nilijua aliuvuka mto ule na mtoto mgongoni, nilijua ni hofu gani ingemziba mdomo, nikaichukua nikamziba nayo. Akaniangalia, akavuta kitenge chake mabegani, akasema, "Basi, nyamaza, na mimi nanyamaza." Majirani wachache waliojua habari ile wakadhani tumekubaliana.

Ungeniuliza wakati ule, ningekuambia naogopa jela. Uongo mtupu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeionja heshima. Nilikuwa kaka wa shujaa. Harusini nilipewa kiti cha mbele, na baba wa mke wangu hakusita kunikubali. Ningemrudishia Nestori baba yake, ningebaki askari wa kawaida mwenye mwandiko mzuri.

Mwaka uliofuata nikamwambia baba, mwakani. Na uliofuata nao, mwakani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ila matumbo yaliyoumia hayakuwa yangu. Baba akafariki akiwa amechoka kuniuliza. Unajua nilifanya nini? Nilisimama mahali pake, nikatoa kifua, nikaitika, "Yupo!" kwa sauti iliyovuka barabara. Mama Koleta aliketi palepale nyuma. Hakukosa hata mwaka mmoja, na kila mwaka alileta maharage ya chakula chetu. Niliyala.

Miaka ikapita. Wenzake wengi wakapata uraia, naye akapata. Hofu niliyomvisha ikawa haina kazi tena, lakini sikumvua. Naye alishazoea kunyamaza. Wakati mwingine tukikutana kisimani midomo yake ilicheza kidogo kama mtu anayejikumbusha neno la kusema. Nilimpita haraka.

Alikufa msimu wa mvua uliopita. Chama tulikwenda kuchimba kaburi kama desturi yetu. Katekista, kijana wa juzi, akasoma kwamba marehemu hakuacha mtoto. Koplo Zakaria, aliyekuwa ameegemea jembe kando yangu, akatikisa kichwa. "Maskini mama huyu," akasema, "ameishi ugenini maisha yake yote, na hata mtoto hakujaliwa."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kifo hakikuwa changu, lakini kiliniumbua. Nilimweleza yote, palepale, udongo ukiwa bado mikononi. Kisha akauliza jambo moja tu: "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa namwita nani?" Akaniacha, akaenda kumalizia kufukia.

Rangi unayoiona kwenye ubao aliipaka yeye kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka huu akapuliza filimbi, akaita, "Nestori Sabushimike!" Kimya. Akaita tena, kwa sauti ya juu zaidi, akitazama kule nyuma kwa wanawake. Pale mama Koleta alipozoea kuketi hapakuwa na mtu. Sikuweza kuvumilia. Nikainuka ili niitike, angalau mtu aitike. Koplo Zakaria akaninyooshea mkono mbele ya watu wote.

"Keti," akasema. "Wewe umeshaitika vya kutosha."

Nikaketi. Jina likapita bila jibu, na ndivyo litakavyopita kila mwaka nitakaobaki hai kulisikia.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu: heshima ya mtu ikiwa mkononi mwako, mpe angali na masikio ya kuisikia na mdomo wa kuitika. Usiseme mwakani. Wafu tunaweza kuwaandikia ubao hata kesho, hawana haraka. Aliyeketi nyuma akisubiri ndiye anayezeeka. Na usimtishe mnyonge kwa jeraha lake ili wewe ukae mbele. Ninajuta, na majuto ni mjukuu. Huyu wangu ananilia mgongoni mchana kutwa.

Nenda sasa. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri kosa likingali bichi, akuepushe na kiti kisicho chako, na siku ukiitwa jina lako, asikose wa kukuitikia.