Mita Moja, Milango Kumi na Minne

Primitiva Choque alihudumia watu dirisha la tatu katika manispaa yetu ya Oruro, nchini Bolivia, mimi la nne, miaka kumi na tisa. Mkaidi kupindukia. Nilishamchoka, na bado nampenda.

Mwaka ule tuliletewa mashine ya kampuni ya ng'ambo, iamue nani apate upasuaji wa bure. Mama Saturnina, mfumaji mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, ikamkataa mara tatu. Jibu lilikuwa neno moja tu: hastahili.

Primitiva akaandika kuuliza sababu. Kampuni ikamjibu kwamba namna mashine inavyoamua ni siri yao, na kumbukumbu zetu zote ziko kwenye kompyuta zao huko huko. Macho ni yetu, siri ni yao! Nilitukana kwa Kiaymara, lugha ya nyumbani kwetu, mpaka dirisha la pili wakafunga pazia.

Mkataba wa kampuni ulipokaribia kwisha, Primitiva akajipenyeza kikaoni, akamkabili mkurugenzi wa manispaa mbele ya madiwani.

"Bosi, katika jengo hili lote, nani anaweza kuifungua ile mashine aone kosa?"

"Mama Primi, hayo waachie wataalamu."

"Wapi hao? Nitajie mmoja tu aliyepo Bolivia."

Mkurugenzi akatazama dari. Madiwani wakacheka, kisha wakapiga kura. Mkataba haukuongezwa.

Vijana wa chuo kikuu chetu wakaunda mashine yetu, wakaiweka ghala la chini, pale pale kwetu. Faili la kwanza likawa la Saturnina. Tukasubiri roho mkononi. Hastahili!

"Haya, furahini sasa," mkurugenzi akatucheka.

"Tulia, bosi. Hii yetu inasema sababu." Primitiva akasoma: umeme mwingi mno kwa mtu mmoja, basi si maskini. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Jamani! Ua anaoishi una milango kumi na minne, familia kumi na nne, mita moja ya umeme, na mita imeandikwa jina lake!"

Nani Oruro asiyejua hilo? Ila hakuna aliyekumbuka kuiambia mashine. Alasiri ile ile vijana wakaifundisha kuuliza mita moja inawasha milango mingapi. Saturnina akapita, na nyuma yake watu mia mbili na sita waliokuwa wamekataliwa. Nilipiga meza kwa furaha kama mwendawazimu.

Siku ya kufunguliwa bandeji tulikuwepo. Saturnina akamkazia macho Primitiva, akamshika mashavu.

"Mwanangu," akasema, "kumbe umezeeka hivi!"

Primitiva akaangua kilio, akamwomba arudie.